arXiv: habari za nyutrino bure, bando lako tu

Walimu wenzangu wa fizikia hapa Mwanza mnaouliza mambo mapya nayatoa wapi: ni arXiv, tovuti ambako wanasayansi huweka makala zao za utafiti. Paul Ginsparg aliianzisha 1991 huko Marekani, na baadaye ikahamia Chuo Kikuu cha Cornell. Kusoma hujisajili wala hulipi.

Orodha mpya hutoka siku za kazi, usiku wa manane kwa saa zetu. Asubuhi nikiwa kwenye daladala kutoka Nyegezi nafungua sehemu ya astro-ph.HE, ya matukio ya nishati kubwa angani, na kupitia muhtasari. Makala ikinivutia nachagua HTML (ukurasa wa kawaida wa wavuti) badala ya PDF. Kwenye simu maandishi hujipanga yenyewe.

Kilichoninasa ni tukio la Februari 13, 2023. Mitambo ya kunasa nyutrino ya KM3NeT, iliyozamishwa baharini karibu na Sicily kwenye kina cha mita 3,450 hivi, iliona mwanga wa myuoni (chembe kama elektroni ila nzito zaidi) iliyopita karibu kwa mlalo. Nyutrino iliyoizaa, yaani chembe nyepesi mno isiyo na chaji, ilikadiriwa kuwa na nishati ya PeV 220 (PeV moja ni elektronivolti milioni bilioni), zaidi ya mara elfu 30 ya nishati ya protoni moja ndani ya LHC, ile mashine kubwa ya kugonganisha chembe kule Ulaya! Na IceCube, mitambo mingine ya nyutrino iliyokamilika 2010 ndani ya barafu ya Ncha ya Kusini, haijaona ya kiwango hicho. Sasa imetoka wapi? Wako wanaotaja mashimo meusi makubwa yaliyo katikati ya galaksi za mbali, wako wanaotaja miale ya kosmiki (chembe zenye kasi kubwa kutoka angani) ikigongana na mwanga wa kale wa ulimwengu, na wako wanaoleta maada ya giza, ile isiyoonekana. Wanabishana kwa namba mbele ya macho yako. Hilo kwenye kitabu cha kiada hulipati.

Vijana wangu wa kidato cha sita waliniuliza, "Mwalimu, mbona wasiweke kwetu ziwani?" Swali zuri mno. Warusi wameweka ya kwao Ziwa Baikal, ila lile lina kina kinachozidi mita 1,600. Victoria linaishia kama 80. Maji mengi juu ya mitambo ndiyo yanayopunguza myuoni zinazomiminika kutoka angani, la sivyo zinafunika kila kitu.

Angalizo: makala hukaguliwa juu juu tu kabla ya kuwekwa, kwa hiyo tazama kwenye ukurasa wake kama imeshakubaliwa na jarida, na kama ina toleo la pili au la tatu. Kiingereza chake nacho ni kigumu. Wa kidato cha nne simpi kiungo. Namsomea mwenyewe, kisha namchorea ubaoni.