Pho ya Hanoi au pho ya Saigon?

Pho ni chakula cha Vietnam; Hanoi ni mji wa kaskazini mwa nchi hiyo, na Saigon (sasa Jiji la Ho Chi Minh) ni wa kusini. Zote mbili ni tambi za mchele ndani ya supu ya mifupa ya ng'ombe iliyochemka kwa saa nyingi pamoja na mdalasini, karafuu, tangawizi na vitunguu vilivyobabuliwa motoni. Tofauti huanzia kwenye bakuli lenyewe.

Pho ya Hanoi huja imekamilika. Supu yake ni angavu, tambi zake pana, na juu yake kuna majani mengi ya vitunguu. Mezani unakuta pilipili, siki yenye kitunguu saumu, pengine na vijiti vya unga vya kukaanga vya kuchovya. Hakuna cha kuficha kasoro: mpishi akizembea na mifupa, utajua kijiko cha kwanza. Ndiyo maana naipenda zaidi.

Ya Saigon ina utamu kidogo, nayo huletwa na sahani ya mrehani, choroko zilizochipua, ndimu na sosi nyeusi ya soya. Hapo mlaji anamalizia mapishi mwenyewe. Watu wa kaskazini waliohamia kusini mwaka 1954, nchi ilipogawanywa, walikwenda na pho yao, ikapata ladha ya huko. Baada ya vita kuisha mwaka 1975, wakimbizi wakaifikisha Marekani, na migahawa mingi ya mtaani kule hupika hii.

Ukiagiza yoyote, tafadhali onja supu kabla ya kumwaga sosi. Nyama mbichi iliyokatwa nyembamba iachie iive humo humo, kisha kula haraka. Tambi zikikaa hulegea.