Mkoba wa mwanzi wa Gucci: anza kukagua mpini

Guccio Gucci alifungua duka lake la bidhaa za ngozi Florence, Italia, mwaka 1921, na baadaye wanawe wakaingia kwenye biashara. Mkoba huu ulitoka 1947, malighafi zilipokuwa adimu baada ya vita. Familia haimo tena tangu 1993, mjukuu wake Guccio, Maurizio Gucci, alipouza hisa zake kwa Investcorp, kampuni ya uwekezaji ya Bahrain, lakini mpini bado ni wa mwanzi: hupashwa moto hadi ulegee, ukapindwa kwa mkono, kisha ukaachwa upoe katika umbo lake la nusu duara. Kazi safi kabisa.

Ukinunua wa mtumba, pitisha kidole juu ya mpini. Mwanzi halisi una mafundo ya pingili yasiyolingana. Wa plastiki mara nyingi huwa na mstari wa kiungio. Kisha tazama ncha zote mbili, pale pete za chuma zinapokamata. Ufa huanzia hapo, kwa sababu uzito wote huishia hapo na mwanzi uliokauka haunyumbuki. Usiuning'inize ukiwa umejaa, wala usiuweke juani. Kwa harusi unapendeza mno. Kwa kubebea kompyuta, tafuta mwingine.