Dalali aliyeniacha nionje maji kwanza: uzoefu wangu wa kupanga nyumba Bamburi

Nilitaka nyumba ya vyumba viwili karibu na barabara ya Malindi. Dalali niliyempata simtaji jina, ila kazi yake naisifu, isipokuwa jambo moja nitakalolieleza.

Hakunidai hata shilingi ya kuonyeshwa. Hapa Mombasa wako wanaokutoza kabla hujauona mlango, kisha wakutembeze nyumba zilizokwisha kuchukuliwa. Yeye alisema ujira wake atapewa na mwenye nyumba.

Nyumba ya kwanza ilipendeza machoni: vigae vipya, makabati ya jikoni yanang'aa. Nikafungua mfereji, nikaonja. Chumvi! Bafuni sabuni haikutoa povu, na bomba la kuogea limeshika ukoko mweupe. Maji matamu ya upande wetu huu wa Kisauni na Nyali hutoka Baricho, kule Mto Sabaki, na huja kwa zamu, kwa hiyo majumba mengi yanategemea visima. Mama mmoja aliyekuwa akianika nguo roshani ya pili akaniambia, "Mwanangu, ya kufulia utapata, lakini ya chai utanunua mitungi kwa mkokoteni."

Dalali hakumkatiza. "Mama asema kweli, dadangu. Twende nikuonyeshe nyingine." Hapo ndipo nilipomwamini.

Ya pili vigae vyake vya zamani, lakini ina matangi mawili: la kisima na la maji matamu, kila moja na mfereji wake jikoni. Niliomba nirudi alasiri, jua likiwa kali, akakubali bila kununa. Nikaweka kiganja kwenye ukuta wa chumba cha kulala, haukuwa na moto. Madirisha yanapokea upepo wa kusi moja kwa moja. Kwa joto letu la Januari na Februari, ukuta unaopigwa na jua la jioni hukukosesha usingizi hadi usiku wa manane, kwa hiyo msikubali kuonyeshwa nyumba asubuhi peke yake.

Fomu ya maombi ndiyo iliyoniudhi. Nakala ya kitambulisho, PIN ya KRA (namba ya mlipakodi), barua ya mwajiri, hayo sawa. Lakini taarifa za M-Pesa za miezi sita? Mle mna pesa za mama yangu, za chama cha kuweka akiba, za hospitali. Mwenye nyumba anahusika nini nazo? Nilikataa, wakaridhika na barua ya kazini. Dalali alipaswa kunitetea mapema, asiningojee nibishane peke yangu.

Kodi ni Sh22,000, na dipoziti ya kiasi hichohicho, zote nikazilipa kwenye akaunti ya benki ya mwenye nyumba, risiti mkononi. Stima ni ya tokeni, mita yangu peke yangu. Kabla ya kutia sahihi nilitaka iandikwe kwamba dipoziti haitakatwa kwa ajili ya rangi iliyokwisha kubambuka nilipoingia. Dalali akampigia simu mwenye nyumba palepale, tukazunguka na kuzipiga picha kuta zote, na kipengele kikaongezwa kwa kalamu, sahihi zetu pembeni.

Nampa nne kwa tano. Ile moja ataipata akiiondoa M-Pesa kwenye fomu yake.