Bandeji iliyoukausha mguu wangu: uzoefu wangu wa miezi 9

Mimi ni fundi cherehani, nakaa Buguruni. Mwaka 1999, wiki mbili baada ya kujifungua mtoto wangu wa tatu, damu iliganda kwenye mshipa wa mguu wa kushoto. Nilitibiwa nikapona, ila tangu hapo mguu huo ulikuwa unajaa kila jioni, na asubuhi unapungua. Nikazoea. Ngozi juu ya kifundo ikawa nyeusi, baadaye ikawa ngumu, nikaona ni umri. Masika ya mwaka jana ndipo ulipoanza kutoa maji.

Mtu ambaye hajawahi kuyaona anadhani ni usaha. Ni maji maangavu, yana umanjano kwa mbali. Unafuta ugoko kwa kitambaa kikavu, unahesabu mpaka 20, vitone vinachomoza tena kama jasho kwenye mtungi, na ukitafuta kidonda yanapotoka hukioni. Ikifika saa sita mchana kandambili inateleza mguuni kwa unyevu. Siku moja satini ya mteja, gauni la sendofu, iliteleza mapajani ikagusa mguu. Ilibaki na doa lenye ukingo ambalo halikutoka, nikamnunulia kitambaa kingine.

Majirani walisema matende. Wengine walisema nimekanyaga kitu. Nilikwenda zahanati moja nikapewa dawa ya kukojoa, nikaimeza wiki tatu. Nilikojoa kweli, mguu ukabaki vilevile. Nyumbani nikaanza mambo ambayo leo nasikitika kuyafanya: kufuta kwa spiriti, na kupasua kapsuli za rangi mbili nimwage unga wake juu ya ngozi. Ule unga uliganda ukawa gamba, chini yake maji yanaendelea, na ngozi ya pembeni ikachubuka. Kama unafanya hivyo sasa hivi, tafadhali acha.

Hospitali ndiko nilikoelezwa vizuri. Walipima moyo, figo, na damu kwa ajili ya matende, kisha mishipa kwa ultrasaundi. Ile damu iliyoganda zamani iliharibu vilango vidogo vilivyo ndani ya mshipa, vile vinavyozuia damu isirudi chini. Damu inatuama mguuni, maji yanapenya nje ya mishipa, na yakizidi uwezo wa mwili kuyaondoa yanatafuta njia kwenye ngozi. Daktari akasema dawa ya kukojoa inasaidia pale maji yanapotokana na moyo au figo, ila kwangu kinachohitajika ni kuubana mguu kutoka nje. Kabla ya kuniandikia bandeji walipima presha ya mkono na ya kifundo, wakagawa ya kifundo kwa ya mkono. Yangu ilikuwa 1.1. Waliniambia ikiwa chini ya 0.8 mtu habanwi kwa nguvu hii, na chini ya 0.5 habanwi kabisa, maana damu inayoshuka kwenda kwenye vidole ni haba na bandeji itamwozesha mguu. Mwenye kisukari asiitegemee namba hiyo peke yake, mishipa migumu huidanganya. Kwa hiyo usianze kwa kusoma maneno yangu ukaenda dukani. Anza na kipimo.

Sasa bandeji yenyewe. Madukani Kariakoo ukisema bandeji ya kubana unapewa ile ya mpira, inayovutika mara mbili ya urefu wake, ya watu walioteguka. Nilishawahi kuifunga mwenyewe. Usiku iliniuma nikaifungua saa nane, ikaacha mfereji chini ya goti. Niliyoandikiwa ni nyingine: ya pamba, nene, ukiivuta inagoma mapema. Upana sentimita 10, urefu mita 5, na mguu wangu unataka roli mbili. Nilinunua kila moja kwa Sh 18,000. Tofauti yake ni kwamba ukitulia haikubani sana, ila ukitembea, shavu la mguu linajaa, linagonga ukuta usiovutika, na msukumo huo ndio unaopandisha damu na maji juu. Ndiyo maana unaweza kulala nayo.

Hospitali waliniunganisha na sista anayefuata wagonjwa nyumbani, Sh 25,000 kila akija pamoja na nauli ya bajaji. Alikuja mara tatu. Nasema wazi kuwa fedha ile ndiyo iliyofanya kazi kubwa kuliko zote, kwa sababu bandeji iliyofungwa vibaya ni hasara na hatari.

Siku ya kwanza aliingia, “Shikamoo mama,” nikaitikia, akaketi chini kwenye mkeka akauweka mguu wangu pajani kwake bila kuonyesha kinyaa. Mwanangu wa mwisho alikuwa pembeni akirekodi kwa simu. Aliosha kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya kawaida, akalowanisha yale magamba mpaka yakaachia yenyewe. Akakausha kwa kugandamiza taulo bila kusugua, na katikati ya vidole akapitisha gozi kidole kwa kidole, maana fangasi hapo ndio mlango wa wadudu. Akapaka mafuta ya mgando ngozi nzima, pakavu na penye maji, ili maji yasiichubue. Juu ya panapovuja akaweka gozi, na juu ya gozi kipande cha pampasi ya mtoto alichokikata, upande unaonyonya ukiangalia mguu. Mimi nilikuwa naona aibu kutumia pampasi, yeye akaniambia hospitalini pia pedi zikiisha wanafanya hivyo. Kisha pamba ya roli, ile inayotangulia chini ya plasta ya mfupa, ili bandeji isikate.

Ndipo akafunga. “Mama, inua vidole vikutazame,” mguu ukae kama umesimama. Alianzia kwenye mashina ya vidole, akafunika kisigino, akapitisha kifundoni kwa umbo la nane, akapanda huku kila mzunguko ukifunika nusu ya uliotangulia, mpaka vidole viwili chini ya goti. Mkono wake ulikuwa na nguvu ileile mwanzo hadi mwisho. Mimi fundi wa nguo nililielewa hilo haraka: uzi ukiuvuta pengine sana pengine kidogo, mshono unakunjana. Akanikagua kucha: ukibonyeza inapauka, ukiachia rangi inarudi upesi. Akasema vidole vikipoa, vikifa ganzi au kubadilika rangi, nisisubiri mtu, nifungue.

Kabla hajaondoka aliangalia cherehani yangu. Nilikuwa nimeifunga mota mwaka juzi ili nipumzike, na kumbe toka wakati ule miguu inaning'inia kutwa. Akaniomba niirudishe kwenye pedali. Nimeirudisha. Nasukuma pedali na bandeji mguuni, na hiyo ndiyo tembea yangu.

Siku tatu za mwanzo pampasi ilikuwa inalowa mpaka tunabadilisha asubuhi na jioni. Siku ya nne, mara moja. Siku ya 12 mwanangu alifungua akashika gozi, akanipa niishike: kavu. Nililia, sioni haya kulisema. Kifundo nilikuwa nakipima kwa futi yangu ya kazini kila asubuhi, naandika kwenye daftari la vipimo vya wateja: sentimita 31 siku ya kwanza, 26 mwisho wa wiki ya tatu.

Matatizo yapo. Joto la Dar ndani ya matabaka yale linawasha, hasa Desemba na Januari. Feni umeme ukikatika ni mateso. Kadiri mguu unavyopungua, bandeji inalegea na kuteremka, kwa hiyo wiki ya kwanza usishangae kufunga upya mchana. Kiatu changu hakikuingia, nikanunua sandozi za mikanda namba 41. Kuoga ni mfuko wa plastiki. Na peke yangu siwezi kufunga vizuri kisigino mpaka leo.

Kitandani tuliweka matofali chini ya miguu ya kitanda upande wa nyayo. Mito ilikuwa inahama usiku.

Ulipokauka nilihamia soksi za kubana, daraja la 2, yaani nguvu ya kubana ya milimita 23 hadi 32 za zebaki, kipimo kilekile cha presha. Jozi ya kwanza niliuziwa na muuzaji aliyenitazama tu akasema “wewe kubwa”. Ilinikata nyuma ya goti, fedha ikapotea. Soksi hizi hupimwa kwa futi kifundoni na shavuni, asubuhi, mguu ukiwa haujajaa. Muuzaji asiyetoa futi, mwache. Kuvaa tumia glavu za mpira za kuoshea vyombo, zinashika kitambaa bila kukichana. Na baada ya miezi 6 hivi nguvu yake inakuwa imekwisha hata kama kwa macho bado ni nzima.

Mwezi wa nane nilipata homa na kutetemeka, mguu ukawa wa moto. Kwenye ngozi nyeusi kama yangu wekundu hauonekani vizuri, niligusa kwa mgongo wa kiganja nikalinganisha na mguu wa pili. Nilikwenda hospitali siku ileile nikapewa antibiotiki. Hilo halingojei kesho, na wala shavu la mguu kuvimba ghafla na kuuma, au pumzi kukata, havingojei.

Bandeji nafua kwa mkono, siikamui, naianika kivulini juu ya taulo. Roli ya kwanza bado inagoma ukiivuta. Ya pili imeanza kufuata mkono, kwa hiyo nikienda Kariakoo kufuata zipu nitanunua nyingine, maana masika yanakaribia na siku za mvua mguu huu hurudi kujaa. Leo asubuhi kifundo kimesoma 25.