Formula Ford nikiwa na miaka 61: uzoefu wangu na kocha wa Brands Hatch

Kama umevuka hamsini na una hamu ya kuendesha gari la mashindano la kiti kimoja, lile ambalo magurudumu yote manne yako nje ya bodi, tafuta kocha kwanza. Mambo ya gari yatafuata. Nasema hivi kwa sababu nimelipia huduma mbili tofauti hapa Uingereza, na moja tu ndiyo iliyonifunza kitu.

Mimi ni mzaliwa wa Nakuru, ninaishi Kent. Watu wa rika langu tulilelewa na Safari Rally ya Pasaka. Joginder Singh aliposhinda na Mitsubishi Lancer mwaka 1974 nilikuwa mtoto wa shule, na tangu siku hizo mapenzi ya magari hayajaniisha. Maisha yakanipeleka kwingine: kazi, watoto, karo. Sasa watoto wamejitegemea, nafasi imepatikana.

Nilichagua Formula Ford, daraja moja la mashindano ya magari hayo ya kiti kimoja. Mashindano yake yalianzia hapo hapo Brands Hatch, uwanja wa mbio za magari hapa Kent, mwaka 1967, na magari yake ya FF1600 (Formula Ford ya cc 1600) bado yanatumia injini ya zamani ya Ford ya cc 1600, yenye nguvu za farasi 110 hivi. Utasema mbona ni kidogo, hata gari la kwenda sokoni lina zaidi. Lakini uzito wake bila dereva haufiki kilo 500, na halina mabawa ya kuligandamiza chini. Linashika barabara kwa tairi peke yake, na tairi zenyewe ni nyembamba. Kila unachofanya kwa mguu au mkono unakihisi papo hapo. Hata Ayrton Senna, aliyekuja kuwa bingwa wa dunia wa Formula 1, alipokuja Uingereza mwaka 1981, alianza na magari haya haya.

Huduma ya kwanza ilikuwa zile siku za kuonjeshwa ambazo watu hununuliana kama zawadi. Kampuni sitaitaja. Tulipewa maelezo ya usalama, tukapanga foleni, tukazungushwa raundi chache nyuma ya gari la kuongoza huku injini zetu zimewekewa kikomo. Kisha cheti, picha, kwaheri. Hakuna aliyeniambia neno hata moja kuhusu uendeshaji wangu. Kwa mtu anayetaka furaha ya mchana mmoja inatosha kabisa. Kwa mtu anayetaka kujifunza, asipoteze pesa.

Huduma ya pili ni ya kocha binafsi, na hii ndiyo ninayoipa sifa zote. Alinipigia simu kabla ya siku yenyewe. Hakuniuliza ninaweza kwenda kasi kiasi gani. Aliuliza habari za shingo, mgongo, dawa ninazotumia, na miwani yangu ina mikono ya aina gani, kwa kuwa mikono minene haipiti vizuri ndani ya helmeti. Akanitaka nimwone daktari wangu kuhusu presha. Nilijisikia niko mikononi mwa mtu anayejua kazi yake.

Asubuhi tulianza na gari la kawaida, yeye kaketi kando yangu, tukijifunza njia ya kila kona. Baadaye tukaenda kwenye kiti, jambo ambalo wengi hawalijui. Fundi alichanganya vimiminika viwili ndani ya mfuko wa plastiki, akauweka nyuma yangu nikiwa nimekaa kwenye gari, mikono kwenye usukani na miguu kwenye pedali. Ile povu ikaanza kuumuka na kupata moto, ikijaza kila uwazi kati ya mbavu zangu na chuma, na baada ya dakika chache ikakauka kwa umbo langu. Usidharau hatua hii. Bila kiti kinachokushika, unajishikilia kwa usukani, na mwili wa mtu mzima huchoka upesi sana.

Sasa swali ambalo kila mtu huniuliza: gari lina kiti kimoja, kocha anakufundisha vipi? Kwanza alikwenda mwenyewe kusimama pembeni mwa Paddock Hill, kona ya kwanza, akinitazama. Hii ni kona ya kulia unayoingia bila kuona inakoishia, na katikati yake barabara inateremka ghafla, tumbo linabaki juu. Ukimaliza mteremko unapanda mara moja kuelekea Druids, kona ya pili. Nikirudi gereji, ananieleza alichokiona kwa macho, kisha tunafungua kompyuta.

Hapo ndipo pesa yangu ilipofanya kazi. Gari lina kifaa kinachorekodi kasi na jinsi unavyokanyaga breki na pedali ya mafuta. Kwenye grafu, aliweka mstari wa raundi yake juu ya mstari wangu. Kwenye breki, wake ulipanda wima halafu ukashuka taratibu hadi ndani ya kona. Wangu ulipanda kwa mteremko na kukatika ghafla. Akanieleza: ukikanyaga breki, uzito unahamia mbele na tairi za mbele zinashika lami, ukiachia ghafla, uzito unarudi nyuma wakati ule ule unaotaka gari ligeuke. Kanyaga kwa nguvu mwanzoni, kisha achia polepole kadiri unavyozungusha usukani. Raundi zilizofuata, pua ya gari ikaanza kuingia Druids bila kubishana. Ile raha siwezi kuieleza! Sisi tuliokulia rally tunapenda gari likiserereka kwa mkia, na kocha alinionyesha kwenye mistari hiyo hiyo jinsi kila kuserereka kunavyokula kasi.

Vipindi vilikuwa vifupi, dakika kumi na tano hadi ishirini, na kati yake maji na kivuli. Mchana mmoja alinisimamisha kabla muda haujaisha kwa kuwa pointi zangu za kuanza breki zilikuwa zimetawanyika. Kwa maoni yake, dereva mwenye umri hashindwi na wepesi wa mikono, anashindwa na uchovu ambao mwenyewe haugundui. Nakubaliana naye. Shingo iliniuma siku ya pili, lakini ilipona.

Malalamiko ninayo. Siku moja ya namna hii ilizidi pauni elfu moja, ikiwa na gari, fundi, mafuta na tairi. Na fomu inayosema utalipa kiasi gani ukiharibu gari nilipewa asubuhi ile ile, nikiwa tayari nimevaa ovaroli. Idai wiki moja kabla, uisome nyumbani ukiwa umetulia.

Ukitaka kushindana kabisa, Uingereza kuna mtihani wa ARDS, chama cha shule za madereva wa mashindano, kabla ya leseni: maswali ya usalama na bendera, kisha kuendesha ukiwa na mwalimu. Dereva mgeni hubandikwa alama ya msalaba mweusi kwenye mraba wa njano nyuma ya gari, ili wenzake wamjue. Mimi nalenga Historic Formula Ford, ya magari yaliyoundwa kabla ya 1972, ambako madereva wengi ni watu wazima kama mimi na hakuna kijana anayepigania kandarasi ya Formula 1 kwenye kioo chako.

Jambo moja kwa atakayeweka nafasi: kabla ya kuondoka, omba faili la data na video ya raundi zako. Mimi nililiomba, nikapewa bila malipo ya ziada, na kila jioni nyumbani ninalifungua sehemu ya Paddock Hill kuangalia mguu wangu unaachia breki wapi.