TAHADHARI: Kuna tapeli anauza mashati "ya vita" ya Wamontagnard, msije mkalizwa

Wakuu, hasa nyie mlioko huku North Carolina na mnaopenda vitu vya kale vya vita vya Vietnam, someni hii kabla hamjamtumia mtu hela. Kuna jamaa anauza mavazi ya sherehe ya Wamontagnard, yale mashati meusi ya wanaume yenye nakshi nyekundu kifuani, anadai kila moja lilivishwa komando wa Kimarekani na wazee wa kijiji enzi za vita. Ana barua, ana picha, ana bangili ya shaba, yaani mzigo umekamilika mpaka unajiuliza kwa nini anauza. Kaka mmoja wa Bukavu anayeuza vitu vya zamani kwenye masoko ya wikiendi hapa Greensboro kapigwa dola 900 mchana kweupe, akaniletea shati nilikague kwa sababu anajua mimi hivi vitu ndo ugonjwa wangu. Nimelikagua. Ni feki, na sasa hivi kuna lingine linazunguka lenye hadithi ileile.

Kwa wasiojua, Wamontagnard ni makabila ya nyanda za juu za kati za Vietnam, Warhade, Wajarai, Wabahnar, Wasedang, Wabru na wengine. Mwishoni mwa 1961 CIA na makomando wa Special Forces, wale wa kofia za kijani, walianza kuwapa silaha Warhade wa kijiji cha Buon Enao karibu na Ban Me Thuot (mji huo leo unaandikwa Buon Ma Thuot) walinde vijiji vyao, ule mpango ukaenea ukaitwa CIDG, yaani vikosi vya raia wenyeji vya kujilinda, kambi zikajaa milimani, kila kambi na timu yake ya makomando washauri kama 12 hivi wanakula na kulala na wenyeji. Sasa mshauri akikubalika kijijini anafanyiwa sherehe, mnyama anachinjwa, mtungi wa pombe ya mchele unawekwa katikati mnanyonya kwa mirija mirefu, anavishwa bangili ya shaba mkononi, na wengine walipewa na vazi la kabila kabisa. Hizi si hadithi, hata John Wayne alipewa bangili hiyo alipotembelea Vietnam 1966 akawa anaivaa miaka yote. Kwa hiyo mashati ya kweli yapo, na wale makomando wengi wameshafika miaka themanini, wanafariki, watoto wanauza vitu vya nyumbani, vitu vinatoka. Tapeli anaishi kwenye huo mwanya, anajua shati tupu la Kirhade ni kitambaa kizuri tu cha bei ya kawaida, ila shati lenye jina la komando bei inapaa mara kadhaa. Anachouza hasa ni ile karatasi.

Haya tuanze na shati lenyewe. Shati la mwanaume wa Kirhade la zamani linafumwa kwa mkono na mama aliyekaa chini, mkanda wa mtambo umemzunguka kiunoni, kwa hiyo kitambaa kinatoka vipande vyembamba ambavyo kingo zake zimejifunga zenyewe, halafu vile vipande vinaunganishwa bila kukatakata ovyo. Nani akate kitambaa alichokifuma kwa wiki kibao? Nyuma ni refu kuliko mbele, pembeni lina mipasuo, kifuani kuna ile nakshi nyekundu na vitanzi vya vifungo. La huyu jamaa ukiligeuza ndani unakuta ovaloki! Ovaloki ya mashine, nyuzi tatu safi kama shati la dukani, na kwenye makwapa mkasi umepita katikati ya nakshi, michirizi inaishia hewani haikutani na ya upande wa pili. Shingoni nyuma kuna vitundu vidogo vinne vya sindano, viwili huku viwili huku, lebo ilikuwepo hapo ikafumuliwa. Mashati ya namna hii yanauzwa mapya kwenye maduka ya watalii Buon Ma Thuot leo hii, na wala si kosa, watu wanajitafutia riziki. Kosa ni kulifumua lebo na kuliongezea miaka sitini.

Na jinsi alivyolizeesha sasa. Michirizi myeupe yote imekuwa rangi ya chai, sawasawa, mbele, nyuma, mpaka ndani ya upindo ambako jua wala jasho havifiki. Ila uzi wa mshono umebaki mweupe pee, kwa sababu uzi ni wa poliesta na poliesta hainywi chai. Niliposhika kijiuzi kimoja kilichokuwa kimeshalegea nikakiwasha na kiberiti kikayeyuka kikawa kishanga kigumu cheusi, pamba ingeungua ikatoa harufu ya karatasi na kubaki jivu laini. (Msichome shati la mtu jamani, kijiuzi tu, na baada ya kuomba ruhusa.) Halafu linanuka moshi, jamaa kaandika "harufu halisi ya nyumba ndefu za Montagnard", we moshi gani huo wa mwaka 1963 unanuka mpaka leo kama jiko la nyama choma la jana?

Nikampelekea mama mmoja Mjarai ambaye tunafahamiana toka kazini, maana hapa Greensboro Wamontagnard ni wengi, kundi la kwanza la kama watu mia mbili lililetwa North Carolina 1986 na lingine la kama mia nne 1992, wale wapiganaji waliokutwa bado msituni Mondulkiri upande wa Kambodia pamoja na familia zao. Mama aliangalia nakshi, akageuza, akacheka mpaka akakaa chini. Akasema kitambaa cha mwilini ni sketi ya mwanamke, sketi mpya, imekatwa ikashonwa shati, nakshi ya kifuani imebandikwa juu. Ni sawa na mtu achane kanga ya mama yako amshonee mzee wa ukoo joho la kutawazwa halafu akuuzie kama urithi. Na mnajua cha ajabu, huyo mama alisema hakuna mnunuzi yeyote wa haya mashati aliyewahi kuja kuwauliza wao, watu wananunua kwa maelfu huko mtandaoni wakati wenye mila wako nao basi moja.

Barua sasa. Barua ndo ilimwangusha kaka yetu, maana imeandikwa kwa Kiingereza kitamu na ina muhuri. Tarehe Machi 1963, juu kabisa "5th Special Forces Group, Nha Trang". Wakuu, kikosi cha 5 kilihamia Vietnam Oktoba 1964, kabla ya hapo timu zilikuwa zinakuja kwa zamu za miezi sita kutoka vikosi mbalimbali, kuna za kutoka Okinawa na za kutoka Fort Bragg hapahapa jimboni kwetu, kwa hiyo mwandishi alikuwa anaandika kwa niaba ya ofisi ambayo haijafika. Chini mji kauandika Buon Ma Thuot, mkoa Dak Lak, wakati karatasi za Wamarekani za miaka ile zinasema Ban Me Thuot na Darlac. Na herufi zenyewe ni za kompyuta, herufi i imekaa kiduchu na m imepanuka, mashine za kupiga chapa za kawaida jeshini zilikuwa zinazipa herufi zote nafasi sawa. Hiyo ya mwisho mtu yeyote anaiona kwa macho bila kujua historia.

Lile shati la pili linalozunguka barua yake inasema "zawadi ya chifu wa Kirhade, kambi ya Lang Vei, Januari 1968". Lang Vei iko kaskazini kabisa mwa iliyokuwa Vietnam Kusini, karibu na Khe Sanh na mpaka wa Laos, wenyeji wa pale ni Wabru, Warhade wako mbali sana kusini. Na Januari hiyo hapakuwa na mambo ya sherehe, kambi ilivamiwa usiku wa kuamkia tarehe 7 Februari kwa vifaru ikatekwa. Sikatai, askari anaweza kuhamishwa na begi lake lenye shati la kambi ya zamani, hilo linatokea, lakini chifu wa Kirhade kukalia kiti pale Lang Vei hapana.

Ukimuuliza jina la huyo askari ili mtu ahakikishe, anakupa jina, halafu anakwambia faili lake liliungua kwenye ule moto wa St. Louis wa 1973. Huu uongo ni mzuri kwa sababu moto ulitokea kweli, Julai 1973, mamilioni ya mafaili ya wanajeshi yakateketea. Ila ya jeshi la nchi kavu yaliyoungua ni ya waliotoka jeshini kabla ya 1960. Mtu aliyekuwa Vietnam 1963 akatoka baada ya hapo faili lake halikuwa kwenye huo moto. Ukisikia muuzaji wa vitu vya Vietnam anataja moto wa St. Louis kaa chonjo hapohapo.

Picha nayo, yule Mzungu amesimama na wazee mbele ya mtungi, kaitafute kwa picha yenyewe mtandaoni utaikuta kwenye nyaraka za serikali ya Marekani ambazo kila mtu anaruhusiwa kuzitumia, na aliyeko pichani si huyo wa kwenye barua. Jamaa kaikata pembeni ili maandishi yasionekane.

Bangili zisiwasumbue akili kabisa. Bangili ya shaba iliyo wazi upande mmoja na vimistari vya kuchonga inatengenezwa mpaka leo, wazee waliopigana wananunua mpya wanavaa kwa kumbukumbu ya wenzao, kwa hiyo kuwa nayo haithibitishi chochote kuhusu shati. Huyu jamaa anaiweka kama nyongeza ya bure ili ujione umepata bahati.

Kuna watu watawaambia tumieni taa ile ya mwanga wa zambarau, kitambaa kikiwaka ni kipya. Mimi hiyo siiamini peke yake. Sabuni za unga zenye dawa ya kung'arisha zilishakuwepo kabla ya vita, na mke wa komando angeweza kulifua shati hilo 1966 kwenye mashine yake likawaka mpaka leo, na bado likawa la kweli. Nimeona mtu kakataa kitu kizuri kwa sababu ya hiyo taa. Taa itumieni kuangalia mshono na kitambaa, kama kitambaa hakiwaki na uzi unawaka, basi ulizeni ulishonwa lini.

Jinsi ya kumtambua: anabadilisha akaunti lakini habadilishi meza, picha zake zote zimepigwa juu ya meza ya mbao yenye alama ya duara ya kikombe kona ya kushoto, na shati linalazwa hapo mikono imekunjwa mbele. Hapigi picha ya ndani. Ukiomba ya ndani anasema kitambaa ni dhaifu hataki kukigeuza, wakati picha inayofuata kalining'iniza kwenye hanga ya waya! Anaongea kwa upole, anakuita kaka au dada, anajua kutaja makambi, Plei Me, Nam Dong, Dak To. Hela anataka kwa ile njia ya kuwatumia hela ndugu na marafiki ambayo haina kurudishiwa, ukimwambia utalipa kwa kadi anapandisha bei. Kaka wa Bukavu alipomrudia na picha za ovaloki akajibiwa "washauri walikuwa na cherehani kambini", siku iliyofuata kablokiwa.

Kama umeshatuma hela na ulilipa kwa kadi, piga benki leo ufungue malalamiko kwamba bidhaa si ile iliyotangazwa, usisubiri akuahidi kurudisha maana anakula siku zako za kulalamika. Kama mzigo ulikuja kwa posta ya serikali, wakaguzi wa posta ya Marekani wana kitengo cha utapeli, na kwa mambo ya mtandaoni kuna fomu ya IC3 ya FBI, haihitaji wakili. Skrinishoti za tangazo zipige kabla hujamtumia neno lolote la hasira kwa sababu akinusa tu analifuta. Barua na bahasha ya mzigo usitupe. Wenye makaratasi ya shida shida msiogope, kulalamika kwa benki hakuna mtu anakuuliza viza.

Na nyie mnaouza sokoni, mkigundua mnalo moja, liuzeni kwa jina lake, shati jipya la mtindo wa Kirhade, lina mnunuzi wake. Msilipitishe na ile barua. Barua itunzeni kama ushahidi, na nitumieni nakala, nimeshaanza kuziweka pamoja na makosa ya tahajia yanafanana mno.

Lile la Lang Vei mpaka jana usiku lilikuwa linasomeka dola 1,100, na chini kaandika kuna mteja mwingine anasubiri jibu. Akikwambia hivyo mwambie ampe tu.