Gofu ya diski Malindi: uwanja mdogo, upepo mkubwa

Kwa yeyote anayecheza gofu ya diski na safari ikampitisha Malindi, ushauri wangu ni mmoja: tenga asubuhi nzima ukacheze. Uwanja uko ndani ya shamba la nyumba moja ya wageni, kati ya barabara na ufuo. Vikapu ni tisa tu, vimesimikwa katikati ya minazi, mivinje na miembe. Si lazima uwe umelala hapo. Nililipa shilingi 500, nikapewa kadi ya kuandikia matokeo, na wasio na diski wanaazimwa bila malipo ya ziada.

Kwa asiyeujua mchezo, sheria zake zinafanana na za gofu ya kawaida, ila unarusha kisahani cha plastiki na unalenga kikapu cha chuma chenye minyororo. Unahesabu mirusho tangu mahali pa kuanzia hadi diski itue kikapuni, na mwenye mirusho michache ndiye mshindi. Inapoangukia ndipo unaporushia tena. Minyororo inaua kasi ya diski ili idondoke kikapuni badala ya kupitiliza. Mmarekani Ed Headrick ndiye aliyekibuni kikapu hicho miaka ya 1970. Kabla yake watu walilenga miti na nguzo, wakabaki kubishana kama diski imegusa au haikugusa. Mzee yule aliupenda mchezo kiasi kwamba alipofariki mwaka 2002, majivu yake yalichanganywa kwenye plastiki ya diski, kwa wosia wake mwenyewe. Mimi namwelewa kabisa.

Sasa nije kwenye jambo lililonifanya niandike. Nyumbani ni Nairobi, ambako mimi na marafiki tuna kikapu cha kukunja tunachokisimika uwanjani wikendi. Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari na hewa yake ni nyepesi, kwa hiyo diski haielei sana. Inashuka mapema na kukata kushoto kwa nguvu, kwa sisi tunaorusha kwa mkono wa kulia tukiivuta kutoka upande wa kushoto. Malindi hewa ni nzito. Diski ile ile, mkono ule ule, inaelea kwa muda mrefu na inachelewa kukata. Halafu kuna kusi. Nilikwenda mwezi wa Agosti, na ifikapo saa nne asubuhi upepo ulikuwa unazikunja kuti za minazi upande mmoja.

Diski inayokwenda kinyume na upepo inakuwa kama imerushwa kwa kasi kubwa kuliko uliyoipa: inalalia kulia, ubavu wa kushoto unanyanyuka, upepo unaingia chini yake na kuibeba unakotaka wenyewe. Ukirusha kufuata upepo mambo yanageuka, diski inakandamizwa chini na kukata kushoto mapema. Haya nilikuwa nayajua kwa maneno. Shimo la tatu (shimo ni kila njia yenye kikapu chake, jina tu lililobaki kutoka gofu ya kawaida) ndilo lililonionyesha kwa macho, maana linatazama bahari moja kwa moja na kikapu kiko mwisho wa uchochoro wa mivinje. Kijana anayetunza shamba, ambaye ndiye anayewaongoza wageni, aliiona diski niliyoitoa begini akatikisa kichwa.

"Dada, hiyo nyepesi. Kusi la leo litaichukua hiyo. Tia nzito, urushe chini chini, usiipandishe kupita kiuno."

Nikachukua yenye gramu 175, ngumu kupinduka, nikaiinamisha ukingo wake wa nje kidogo kuelekea chini, nikaiachia. Ilipita chini ya matawi imelala kushoto, katikati ya njia upepo ukainyoosha ikawa sawa kabisa, ikaenda hivyo hivyo hadi mchangani, hatua chache tu kutoka kikapuni. Mlio wa minyororo kwa mrusho wa pili ulinifurahisha kuliko kitu chochote katika safari ile.

Shimo la sita nalo lina raha yake: kikapu kiko nyuma ya mbuyu, na unachagua kuuzunguka kulia au kushoto. Diski ikinasa mnazini, usipande. Unacheza kutoka chini ya pale diski iliponasa, na kijana ana upondo mrefu wa kuiangulia.

Kuna mambo wanapaswa kuyarekebisha, na nayasema kwa sababu nautakia uwanja huu heri. Hakuna ubao wa masafa popote, hivyo mgeni anakisia kama kikapu kiko mita 60 au 90. Kutoka shimo la nne kwenda la tano hakuna mshale. Bila mwenyeji utaishia jikoni kwao. Na sehemu za kuanzia ni mchanga mtupu. Mguu unateleza pale pale unapougeuza mwili kurusha, jambo linaloweza kuumiza goti. Zulia la makuti lililoshindiliwa vizuri, au vibao vichache vya mbao, vingetosha. Choo ni safi na maji ya kunywa yapo.

Nenda mapema, saa moja au saa mbili asubuhi, kabla upepo haujakaza. Mzunguko wa kwanza usiandike matokeo, tembea tu na kijana na umwulize kila shimo upepo unaingilia wapi, kisha uanze kuhesabu mzunguko wa pili. Bei ni ile ile kwa yote miwili. Mpe chochote mkononi, anastahili. Vaa viatu vinavyofungwa, si ndala, maana mbegu za mivinje zinachoma. Wenye watoto waombe diski za gramu 150, zinawatosha mikononi na zinaruka vizuri upande wa ndani wa shamba ambako ukuta unakinga upepo. Mimi nikirudi nitakuja na mbili nzito za aina moja, kwa sababu ukuta wa upande wa bahari ni mfupi na ng'ambo yake mawimbi yako karibu.